Msandali wetu: maswali ninayoulizwa kila siku kuhusu huu mti, uhifadhi wake na marufuku

Nakaa Kajiado, Kenya, nina kitalu kidogo cha miti ya kienyeji, na tangu watu wajue kwamba nina miche ya msandali simu yangu haipumziki. Wengine wanataka kupanda, wengine wanataka kuuza, wengine wameona lori limekamatwa kwenye habari wanashangaa miti tu imewapeleka watu kortini kwa nini. Nimeamua niandike majibu sehemu moja, kwa kirefu.

Msandali ni mti gani hasa? Ndo ule wa liwa?

Ni ndugu yake. Sandali ambao bibi zetu wa Pwani na Unguja wanausugua kwenye jiwe na maji kidogo mpaka wapate liwa ya kupaka usoni, ule unaojulikana zaidi, ni wa India, jina lake la kitaalamu Santalum album. Huu wetu ni Osyris lanceolata, wote ni familia moja ya Santalaceae, wote mti wao una mafuta yanayonukia, na wote ni vimelea. Wamaasai na Wasamburu wanauita olosesiai au losesiai, Wakikuyu wanauita muthithii.

Halafu tafadhali, magazeti yetu yanapenda kuandika "msandarusi". Msandarusi ni mti mwingine kabisa wa misitu ya pwani, ule unaotoa sandarusi, utomvu uliokuwa unauzwa zamani kutengenezea vanishi. Na udi nao ni mti mwingine wa Asia. Najua kwenye chetezo vyote vinanukia vizuri lakini ukichanganya majina unachanganya na sheria.

Unasema ni kimelea, mbona una majani ya kijani na umesimama wenyewe?

Hapa ndo penye utamu. Msandali ni kimelea nusu. Majani yake ni ya kijani, unajitengenezea chakula kutokana na jua kama mti mwingine wowote, lakini chini ya ardhi unafanya mambo mengine. Mizizi yake ikikutana na mizizi ya jirani inaota vinundu vidogo vinavyong'ang'ania ule mzizi na kupenya ndani yake, kisha inavuta maji na madini kutoka huko. Niliwahi kufukua taratibu kwa mikono kando ya mche wangu wa miaka miwili, nikakuta vile vinundu vimeshikilia mzizi wa mgunga kama kupe kwenye sikio la ng'ombe, nikijaribu kuvitoa ngozi ya mzizi inatoka navyo.

Juu huoni kitu. Unaona tu vichaka viwili vimesimama karibu karibu, vyote vina afya.

Kwa hiyo ni kama kiduha? Kiduha kilimaliza mahindi ya mama yangu.

Pole kwa mama. Hapana, haviendi pamoja. Kiduha kinaingia kwenye mizizi ya mahindi au mtama na kinaidhoofisha mimea mpaka mavuno yanaanguka, na kiduha kimoja kinatoa mbegu ndogo ndogo kama vumbi, maelfu kwa maelfu, zinakaa udongoni miaka mingi zikisubiri. Msandali unazaa tunda lenye mbegu moja tu, unakua polepole sana, na unagawana na majirani wengi kwa wakati mmoja bila kuwaua. Neno "kimelea" limeuharibia jina huu mti. Kuna mzee jirani alitaka kung'oa wa kwake wote aliposikia neno hilo kwenye baraza, ilibidi niende kukaa naye nusu siku.

Nitautambuaje porini?

Ni kichaka au mti mdogo, mara nyingi mita moja mpaka saba hivi, hauangushi majani kiangazi. Majani ni magumu kidogo kama ngozi, rangi ya kijani iliyofifia kuelekea samawati au manjano, ncha yake imechongoka. Maua ni madogo ya kijani-manjano, ukipita haraka hutayaona. Matunda ndo yanakuonyesha, yanaanza kijani, yanaenda manjano na rangi ya machungwa mpaka mekundu, na kwenye kitako yana alama ya duara kama kifuniko kidogo. Ndege wanayapenda sana.

Tafuta kwenye vilima vya mawe, miteremko mikavu, pembezoni mwa misitu ya juu, maana mti huu hauogopi ardhi mbaya. Kama eneo lina olmisigiyioi na olgeturai (vichaka vya kienyeji, majina ni ya Kimaasai) pamoja na migunga, angalia kati yake.

Kwanini wanaung'oa na mizizi? Si wakate matawi tu mti ubaki?

Kwa sababu mafuta yako kwenye moyo wa mti, na yamejaa zaidi kwenye mizizi na sehemu ya chini ya shina. Matawi hayana kitu cha maana kwao. Kwahiyo mtu anayetafuta sandali haji na shoka peke yake, anakuja na jembe na mtaimbo, anachimba mpaka autoe mzima, anakata matawi anayaacha hapo hapo yakauke, anabeba shina na mizizi.

Ungekatwa juu kisiki kikabaki kungekuwa na matumaini ya kuchipua. Ukishang'olewa hamna cha kuchipua. Hii ndo tofauti na mkaa au kuni, na watu wengi hawaelewi kwanini tunapiga kelele kwa mti mdogo hivi wakati migunga inakatwa kila siku. Mgunga unaukata na mwakani unaona machipukizi. Msandali ukivunwa, umekufa.

Mwaka juzi nilipanda kilima kimoja ambacho nilikuwa nachukua mbegu. Nilikuta mashimo, mengine yamefika kiunoni kwangu, udongo mwekundu umetapakaa, na pembeni matawi yamekauka yakiwa bado na matunda yaliyosinyaa. Niliokota kipande cha mzizi walichokiacha, nikakikwaruza kwa kisu, kikatoa ile harufu tamu ya sandali. Nilikaa chini. Miti ile ilikuwa mikubwa kuliko mimi, sijui ilianza kuota lini.

Ni kweli wanatafuta mti jike zaidi?

Ndiyo, msandali una mti dume na mti jike, kama mpapai. Wavunaji wanasema jike lina mafuta mengi zaidi na ndo wanalolifuata kwanza. Sasa fikiria, jike ndo linalozaa. Ukitoa majike kwenye kilima yakabaki madume, kwa macho utasema bado kuna misandali hapa, tena mingi, kumbe hakuna mbegu hata moja itakayodondoka. Ndo maana nikiulizwa "imebaki mingapi" huwa nauliza kwanza, ina matunda?

Haya, hali yake ya uhifadhi ikoje? Uko hatarini kutoweka au hauko?

Inategemea umesimama wapi, na hili swali linahitaji uvumilivu kidogo.

Ukiangalia dunia nzima, Osyris lanceolata imeenea sana, unaukuta kuanzia kusini mwa Afrika kupanda mpaka Ethiopia, na hata Asia wapo. Kwa hesabu hiyo huwezi kusema mti uko mbioni kutoweka duniani. Lakini mti hauliwi dunia nzima, unaliwa huku kwetu. Sandali wa India ulivunwa kupita kiasi mpaka leo kwenye orodha nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, uko kundi la walio hatarini, ukawa adimu na bei ikapanda, ndipo wanunuzi wakageukia mbadala, na mbadala uliokuwa karibu na wenye harufu inayofanana ni huu wetu. Hata kama mafuta yake yana santaloli, ile kemikali inayoleta harufu ya sandali, kidogo kuliko ya India, bado yanaingia kwenye manukato na vipodozi.

Ndo maana Kenya ilipeleka pendekezo kwenye mkutano wa 16 wa CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliofanyika Bangkok mwezi wa tatu 2013, na likakubaliwa: msandali wa nchi sita, yaani Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Ethiopia, ukaingizwa kwenye Kiambatisho cha II, na ikaanza kutumika mwezi wa sita mwaka huo huo. Umeona? Hawakuandika mti wote popote ulipo. Waliandika nchi sita, kwa sababu ndo huku mashimo yalipo.

Kiambatisho cha II maana yake ni marufuku kuuza?

Hapana, na hapa watu wengi wanakosea, hata waandishi wa habari. Kiambatisho cha I ndo kile cha biashara kufungwa kabisa kwa vile vya porini, ndo kuna kina faru na wengineo. Cha II kinasema biashara ya nje inaweza kufanyika ila lazima iwe na kibali, na serikali inayotoa kibali lazima kwanza ijiridhishe kwamba mzigo umepatikana kihalali na kwamba kuuvuna hakutaumiza mti ulioko porini. Hiyo ya pili ndo ngumu, kwa sababu ili useme haitaumiza lazima ujue una miti mingapi na inakua kasi gani.

Kinachozuia kabisa ni sheria ya nchi, si CITES.

Mimi nasafiri kwenda Muscat na chupa ya mafuta ya sandali ya dukani, nitashikwa?

Masharti yale yanagusa magogo, vipande, unga, mizizi na mafuta ya jumla, ila yanaacha nje mbegu, chavua, na bidhaa iliyokamilika, iliyofungashwa tayari kwa kuuzwa rejareja. Kichupa chako cha dukani chenye lebo kiko kwenye hiyo ya mwisho. Dumu la lita tano lisilo na lebo ni hadithi nyingine. Na kama ni vipande vya mti umefunga kwenye kanga kumpelekea shangazi, vile vya msandali wa huku, usibebe.

Marufuku ya Kenya ilianza lini, na imesaidia?

Mwaka 2007, kwa amri ya rais, wakati huo Mwai Kibaki. Kabla ya hapo magogo yalikuwa yanatoka huku yanavushwa mpaka Tanzania kusindikwa, kisha yanaenda Asia na Ulaya. Baadaye ikaja sheria ya wanyamapori ya 2013, ambayo licha ya jina lake inalinda mimea pia, na wanaokamatwa na magogo ya msandali wanashtakiwa kwa hiyo.

Imesaidia? Kwa maoni yangu imesaidia nusu. Imewapa polisi na askari wa KWS (shirika la wanyamapori) na KFS (shirika la misitu) meno, malori yanakamatwa, Samburu, Baringo, Pokot Magharibi, huku kwetu pia. Ila anayekamatwa mara nyingi ni dereva na vijana wa kupakia, na aliyechimba ni mtu ambaye ng'ombe wake walikufa na ukame akaambiwa kuna pesa kwenye kichaka ambacho maisha yake yote hakuwahi kukiona kama mali. Mwenye kontena hayupo pale. Na mzigo uliokamatwa ni miti iliyokwisha kufa, hata ukishinda kesi huwezi kuirudisha kwenye shimo.

Kingine ni kwamba mpaka haujui mti. Kenya ilipobana, biashara ikahamia Uganda upande wa Karamoja, miti ikawa inachimbwa kule na ya Kenya inavushwa kule. Ukifunga mlango mmoja lazima majirani nao wafunge, ndo faida kubwa ya ile orodha ya nchi sita.

India walifanyaje? Si wao ndo wenye uzoefu?

Wana uzoefu, mwingine mchungu. Kule Mysore, kusini mwa India, mtawala wao Tipu Sultan aliutangaza sandali kuwa mti wa kifalme mwishoni mwa karne ya 18, na serikali zilizofuata zikaendelea hivyo hivyo, mti ukiota kwenye shamba lako ni wa serikali. Unafikiri mkulima alifanya nini akiona mche umeota? Aliung'oa mapema kabla haujamletea matatizo. Huku magenge yakichimba misituni, Veerappan aliyekuwa jangili wa sandali na pembe za ndovu alisumbua majimbo matatu miaka mingi mpaka alipouawa 2004. Majimbo ya Karnataka na Tamil Nadu yalikuja kulegeza sheria kama 2001 na 2002, mwenye shamba akaruhusiwa kuwa mwenye mti, na kuanzia hapo watu wakaanza kupanda.

Mimi nalitaja hili kila nikikaa na watu wa misitu. Mtu hawezi kulinda kitu ambacho kikiwa hai hakimfaidii na kikifa kinampeleka jela. Marufuku ya mti wa porini ibaki, tena ikazwe, lakini tuwe na njia iliyo wazi ya aliyepanda kwa mkono wake kusajili miti yake.

Naweza kupanda kwangu? Nieleze vizuri.

Unaweza na nakuomba upande, ila usikimbilie.

Kwanza mbegu. Chukua matunda yaliyoiva, mekundu, usiache mti bila kitu, ndege nao wana haki yao. Menya nyama, osha, panda mapema maana mbegu ikikaa inazeeka. Zinaota kwa shida, moja leo, nyingine baada ya wiki kadhaa, nyingine hazioti kabisa, mimi kwenye mchanga wangu zaidi ya nusu huwa hazinipi kitu. Kuna wanaojaribu vipandikizi na kuotesha mizizi kwenye tawi likiwa bado mtini, inawezekana lakini inataka mkono wenye uzoefu.

Halafu, na hili ndo kosa la watu wote, usiupande peke yake. Mara ya kwanza nilinunua miche kwa jamaa mmoja, mizuri ya kuvutia, nikaitandaza kwenye kipande nilichokifyeka safi, nikaweka mbolea, nikamwagilia kila jioni. Ikakaa miezi ikiwa hivyo hivyo, ikaanza kuwa ya manjano, ikafa mmoja mmoja. Nilikuwa nimeiondolea majirani. Siku hizi mche ukishakuwa na majani manne matano naweka na mche wa jirani kwenye polithini hiyo hiyo, wamekaa bega kwa bega, na nikienda kupanda shambani nachimba shimo karibu na olgeturai au olmisigiyioi iliyokwisha kushika. Migunga pia, hata mvinje umewahi kutumika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro walilifanyia kazi sana suala la jirani gani anaufaa, na KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu huku kwetu, wana ujuzi wa miche. Wahindi wao wanauweka wa kwao pamoja na mbaazi ukiwa mdogo.

Kivuli kidogo mwanzoni, maji ya wastani, mbuzi mbali. Mbuzi ndo adui wangu mkubwa kuliko hata majangili.

Utakuwa tayari baada ya miaka mingapi?

Kama unauliza kwa ajili ya kuuza, acha. Moyo wenye mafuta unajengeka polepole sana, unahesabu miongo si misimu. Na kuna matapeli wanauza miche kwa ahadi ya mamilioni baada ya miaka mitano, wanakuonyesha picha za mashamba ya India au Australia. Muulize muuzaji maswali mawili tu: ni aina gani, Osyris au Santalum? Na nipande karibu na nini? Akikuambia upande peke yake kwenye mistari kama mikaratusi, rudisha pesa yako mfukoni.

Na kabla hujaufikiria kuuvuna hata ulio kwako, nenda ofisi ya KFS au KWS iliyo karibu, ulize kwa maandishi.

Bibi yangu anachemsha magome yake kwenye chai, naye anavunja sheria?

Magome na mizizi ya olosesiai yametumika kwenye chai, supu na dawa za kienyeji tangu zamani, na mizizi inatoa rangi nyekundu. Bibi anachuna kipande upande mmoja, mti unabaki, mwakani anarudi kwenye mti ule ule. Sijawahi kukuta kilima kilichomalizwa na mabibi. Ila sheria haina jicho la bibi, kwahiyo mpandie mmoja karibu na boma, kando ya ua wa migunga, achune wake.

Nikikuta mashimo au watu wanachimba nifanye nini?

Usiwakabili, hasa usiku, wengine wana silaha. Kumbuka mahali, piga picha kama ni salama, na mwambie chifu au askari wa KWS au KFS, wana namba za kupiga bure. Kama wameshaondoka, angalia kwenye yale matawi waliyoyatupa. Matunda yakiwa bado mekundu na hayajasinyaa, yachume yote siku hiyo hiyo, funga kwenye kitambaa chenye unyevu, usiweke kwenye nailoni yataoza, na uniletee au uyapande mwenyewe. Msimu uliopita nilipata hivyo matunda ya kujaza kofia, kutoka kwa kijana mchungaji aliyetembea nayo asubuhi nzima. Miche yake saa hizi inafika gotini, iko kitaluni mstari wa tatu, kila mmoja na mgunga wake pembeni, na mvua za Novemba zikianza tunairudisha kwenye kilima kile kile.